Tengeneza Kidogo Kwanza: Somo Kutoka Meza ya Fundi wa Nyumbani



Katika kamati zetu za usharika neno "mradi" huleta mawazo ya vitu vikubwa: kisima kirefu, mashine ya kusaga, jengo, gari. Ni mara chache neno hilo linatukumbusha meza ya mbao iliyoko nyuma ya nyumba, yenye jiliwa, tupa na mkebe wa misumari iliyonyooshwa ili itumike tena. Somo la toleo hili linahusu meza hiyo. Linahusu watu wanaotengeneza vitu vidogo nyumbani kwa mikono yao, bila kuajiriwa na mtu, kwa sababu tu wanapenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Aidha linahusu yale ambayo kamati inaweza kujifunza kwao kabla ya kutumia fedha za wafadhili na nguvu za waumini.

Hoja yetu ni moja. Kitu kidogo kinachofanya kazi, kilichotengenezwa na mtu wa hapa hapa, ni shule ya bei nafuu na pia ni kipimo cha bei nafuu. Kamati itakayojizoeza kuona kidogo kwanza itaokoa fedha. Zaidi ya hapo, itabaki na mtu anayeujua mtambo siku utakapoharibika.

Kila aliyewahi kukagua miradi vijijini anajua kwa nini jambo hili ni zito. Mara nyingi pampu haisimami kwa sababu ya kitu kikubwa. Inasimama kwa sababu ya mpira mmoja uliolika, bolti moja iliyolegea au beringi moja iliyokauka grisi. Fundi anaitwa kutoka mjini, nauli na posho zake zinazidi bei ya kifaa chenyewe, kamati inaahirisha, na akina mama wanarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Kwetu nyanda za kati, ambako mvua ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, pampu iliyosimama mwezi wa Agosti si jambo la kuandikwa kwenye taarifa ya robo mwaka na kusahauliwa.

1. Modeli ni nini?

Kuna vitu vidogo vya aina mbili. Kuna pambo, yaani kitu kinachofanana na kikubwa kwa sura tu: gari la udongo lisilo na magurudumu yanayozunguka, au nyumba ya maboksi. Halafu kuna modeli inayofanya kazi: kitu kidogo chenye viungo vilevile vya kikubwa, kinachozunguka, kuvuta, kupandisha maji au kuwasha taa. Somo hili linahusu aina hii ya pili.

Ziko nchi ambako kazi hii imekuwa na heshima yake kwa muda mrefu. Huko London mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer kwa ajili ya watu waliotengeneza injini ndogo majumbani, na mwaka huohuo wakaanza pia kuunda chama chao. Wengi walikuwa watu wa kawaida wenye kazi nyingine mchana. Jioni waliingia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba na kuunda injini ya mvuke ya reli, kipande kwa kipande, hata ikaweza kuvuta watu wazima kwenye reli nyembamba isiyozidi upana wa kiganja. Hawakulipwa, lakini walijua kupima, kukereza na kulehemu kuliko wengi waliolipwa.

2. Tuliyo nayo Msalato

Msalato iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa, Babati na Arusha. Malori hupita mchana na usiku, na watoto wameyasoma vizuri. Tazama gari la waya la mtoto wa darasa la nne. Magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa au ni vizibo vya makopo. Ekseli ni waya mnene. Kutoka ekseli ya mbele unapanda waya mrefu hadi kifuani mwa mtoto, na mwisho wake ni usukani wa mviringo. Akizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanageuka. Hakuna aliyemfundisha darasani, lakini ametatua tatizo la usukani.

Mtoto huyo amejifunza pia jambo ambalo wanafunzi wa ufundi hulisoma kwa michoro. Tundu la gurudumu lisipokuwa katikati kabisa, gari linachechemea. Akitumia jicho tu anakosea. Akikunja uzi kupata nusu ya kipenyo, kwanza upande huu kisha upande ule, anapata kati. Huo ni mwanzo wa kupima, na kupima ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu anayebahatisha.

Wazee wetu nao wana kazi yao ya meza. Marimba ya Kigogo, yaani ilimba, ni sanduku la mbao lililowekewa ndimi nyingi za chuma kilichofuliwa zikawa bapa. Nyingine hupigwa kwa vidole gumba, na nyingine hazipigwi bali hutetema zenyewe zinapoitikia sauti ya wenzake. Kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando wa mayai ya buibui ili sauti ivume. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani. Fikiria kazi ya kulinganisha sauti. Ulimi ukisukumwa ndani ukawa mfupi, sauti inapanda, na ukivutwa nje inashuka. Tofauti ya unene wa ukucha inasikika. Fundi wa ilimba hana kipimo cha kiwandani, lakini mkono na sikio lake vinafanya kazi ya usahihi ambayo wengi wetu hatuiwezi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tunavihesabu vitu hivi kuwa michezo ya watoto na burudani za wazee. Mtoto anapofika kidato cha kwanza tunamwambia aache "kuchezea waya" asome. Mtoto wa kike hata waya hapewi. Msalato inajulikana nchi nzima kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, ambako mabinti hufanya vizuri katika hesabu na fizikia. Lakini katika nyumba nyingi zilizo jirani na shule hiyo, binti akishika nyundo huulizwa kama amekosa kazi ya jikoni.

3. Walioanza na kidogo

Tutazame watu wanne au watano ambao kazi zao zinajulikana, ili tuone jambo lilelile likijirudia.

James Watt alikuwa fundi wa vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764 aliletewa modeli ya injini ya mvuke ya Newcomen, iliyotumika kufundishia, ili aitengeneze. Ilikuwa inapiga mapigo machache tu kisha inasimama. Watt hakuridhika na kuirekebisha na kuirudisha. Aliuliza mvuke wote unakwenda wapi. Akagundua kwamba silinda inapozwa na kupashwa moto upya kila pigo, na sehemu kubwa ya mvuke inaishia kupasha chuma badala ya kufanya kazi. Mwaka 1765 akapata wazo la kupozea mvuke katika chombo cha pembeni, na mwaka 1769 akapewa hataza. Viwanda vya karne iliyofuata viliendeshwa na wazo hilo. Lilianzia kwenye modeli mbovu iliyowekwa juu ya meza.

Mwaka 1878 huko Marekani Milton Wright, aliyekuwa askofu, alirudi safarini na kuwapa watoto wake kidude cha kuruka kilichozungushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kilipovunjika, Wilbur na Orville wakatengeneza vingine. Walipokuwa watu wazima, wakiwa na karakana ya baiskeli mjini Dayton, walijenga chombo cha kuelea hewani. Mwaka 1901 chombo hicho kikashindwa kuinuka kama vitabu vilivyosema. Hawakujenga kingine kikubwa zaidi. Walitengeneza sanduku la mbao la urefu wa karibu meta 1.8, wakaweka feni upande mmoja, na ndani yake wakajaribu mabawa madogo kama 200 ya maumbo mbalimbali, kila moja likitosha kiganjani. Majibu ya sanduku hilo ndiyo yaliyowafikisha tarehe 17 Desemba 1903, siku waliporuka kwa injini kwa mara ya kwanza.

Karibu zaidi nasi ni William Kamkwamba wa kijiji cha Wimbe nchini Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliifanya familia yake ishindwe kulipa ada, akaacha shule. Akawa anakwenda kusoma kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, na humo akaona picha ya vinu vya upepo. Hakuanza na mnara. Kwanza alitengeneza kinu kidogo cha kujaribia, akakifanya kiendeshe redio. Kilipofanya kazi ndipo akajenga kikubwa kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, dainamo ya baiskeli, na mabawa ya bomba la plastiki lililopashwa moto na kubapazwa. Majirani walidhani amepungukiwa akili hadi balbu ilipowaka. Mwezi Juni 2007 alisimama jukwaani mjini Arusha, hapa nchini kwetu, kwenye mkutano wa TED, akiwaeleza watu wa mataifa mengi alivyofanya.

Na mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kuna chukudu. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinachofanana na baiskeli ya kusukuma ya watoto, kilichoshonewa mpira wa tairi kwenye magurudumu. Kinachongwa kwa panga na patasi, na kinabeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao kutoka milimani hadi sokoni. Watu wa Goma wamekiheshimu hata wakakijengea sanamu katikati ya mji.

Watu hawa walitofautiana kwa elimu, nchi na fedha. Walichoshirikiana ni kwamba walianza na kitu kidogo, wakakiacha kishindwe mbele yao wakati kushindwa kulikuwa bado ni rahisi, wakauliza sababu, wakarekebisha.

4. Zoezi: pampu ya kamba ya mezani

Ili somo lisibaki maneno, tunapendekeza vijana wa usharika watengeneze modeli ya pampu ya kamba. Tumeichagua kwa sababu pampu hii inatumika kweli nchini. Shirika la SHIPO la Njombe limekuwa likiwafundisha mafundi wa vijijini kuitengeneza na kuifunga. Haina vali wala silinda ya chuma. Kamba isiyo na mwisho, yenye vizibo vya mpira, inapita ndani ya bomba kutoka chini kwenda juu. Kila kizibo kinabeba maji yaliyo juu yake. Gurudumu la juu linaivuta kamba, na inashuka tena nje ya bomba.

Vifaa: bomba la plastiki la urefu wa meta 1 na kipenyo cha ndani cha milimita 12 (likiwa la kuonyesha ndani ni bora zaidi), kamba ya nailoni kiasi cha meta 3, ndala iliyochakaa, gurudumu la kipenyo cha sentimeta 20 lenye mfereji wa kushika kamba, nondo nyembamba ya kukunja mpini, chupa ndogo ya kioo, kipande kifupi cha bomba pana lenye tawi la pembeni, mbao za fremu, ndoo.

Hatua:

(a) Jenga fremu iliyosimama imara, ndoo ikiwa chini na gurudumu juu. Ukitikisa fremu kwa mkono nayo ikayumba, ongeza mshazari kabla ya kuendelea.

(b) Pasha moto ncha ya chini ya bomba polepole, uipanue kama mdomo wa tarumbeta ili vizibo viingie bila kukwama. Funga chupa chini yake, kamba ipite kwenye kioo laini isilike.

(c) Juu ya bomba weka kile kipande kipana chenye tawi. Maji yakifika hapo yatatoka pembeni, na kamba itaendelea kupanda hadi kwenye gurudumu.

(d) Kata vizibo kwenye ndala, viwe vya mviringo na vidogo kidogo kuliko tundu la bomba. Toboa katikati. Vipange kwenye kamba kila baada ya sentimeta 20, ukifunga fundo juu na chini ya kila kimoja.

(e) Unganisha ncha za kamba, mimina maji ndooni, zungusha.

Mara ya kwanza huenda isifanye kazi vizuri, na hapo ndipo masomo yalipo. Vizibo vikibana sana, mpini unakuwa mzito na kamba inateleza kwenye gurudumu. Vikilegea sana, maji yanarudi chini. Tofauti kati ya kubana na kulegea ni milimita 1 au pungufu. Mtu akishaiona kwa macho yake kwenye bomba la kuonyesha, hatasahau kwa nini kizibo kilicholika lazima kibadilishwe.

Sasa tupime. Mzingo wa gurudumu la sentimeta 20 ni sentimeta 63 hivi. Eneo la tundu la milimita 12 ni sentimeta za mraba 1.13. Kwa hiyo mzunguko mmoja, tukiacha unene wa kamba, ungepaswa kuinua sentimeta za ujazo 71. Mizunguko 60 kwa dakika ingetoa lita 4.26. Zungusha kwa dakika moja ukitazama saa, kinga maji, pima. Ukipata lita 3, basi asilimia 70 imefika na asilimia 30 imerudi. Badilisha vizibo, pima tena, andika daftarini. Daftari hilo ni mali ya usharika. Siku wataalamu watakapokuja na pampu kubwa, vijana wataweza kuwauliza maswali ya maana.

5. Mipaka ya modeli

Inatupasa kuwa wakweli: si kila kinachofanya kazi kikiwa kidogo kitafanya kazi kikiwa kikubwa. Ukiongeza urefu, upana na kimo cha kitu mara 2, uzito wake unakuwa mara 8, lakini eneo la mkato wa mguu unaoubeba uzito huo linakuwa mara 4 tu. Ndiyo maana stuli ndogo ya vijiti husimama, na mnara wa tenki uliojengwa kwa kuigiza stuli hiyo huanguka.

Turudi kwenye pampu. Katika modeli yetu, bomba likijaa lina maji ya gramu 113 hivi. Chukua sasa pampu halisi yenye bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25 na kimo cha meta 10. Maji yaliyomo ni karibu kilo 5. Kipenyo kimeongezeka mara 2 tu na kimo mara 10, lakini mzigo umeongezeka zaidi ya mara 40. Mpini, ekseli na nguzo lazima zipangwe kwa mzigo huo. Tena, mkono ukiachia ghafla maji yatashuka, na mpini unaweza kurudi kwa nguvu na kumpiga mtoto usoni. Hivyo pampu halisi inahitaji kizuizi ambacho kwenye modeli hakikuonekana kuwa na kazi.

Wakati mwingine udogo wenyewe ndio unaofichua kasoro. Ile injini ya Watt ilipoteza mvuke zaidi kuliko ile kubwa ya mgodini, kwa sababu silinda ndogo ina ngozi nyingi ya chuma ikilinganishwa na ujazo wake. Kasoro ilikuwepo kwenye injini zote, ila kwenye ndogo ilipiga kelele.

Kwa maana hiyo, modeli haichukui nafasi ya mhandisi. Inaiandaa kamati kuzungumza naye. Hesabu za mnara, umeme mkubwa na kisima kirefu zibaki kwa wenye taaluma.

6. Kona ya kazi katika usharika

Usharika hauhitaji karakana kamili ili kuanza. Kinachohitajika ni meza nzito isiyotikisika, jiliwa moja zuri, msumeno wa chuma, tupa mbili au tatu, nyundo, koleo, keekee, mkasi wa bati, rula ya chuma na futi ya kuvuta. Anayezunguka mnadani Msalato kwa subira hukuta baadhi ya vifaa hivi vikiwa vimetumika lakini vizima. Nunua vichache vilivyo bora kuliko vingi vya kuvunjika. Tupa butu humfundisha kijana hasira, haimfundishi ufundi.

Weka kanuni nne ukutani. Kwanza, miwani ya kukinga macho kwa kila anayekata, kunoa au kutoboa chuma. Pili, bati la mabati lisitiwe motoni, kwa maana moshi wake huleta homa na kikohozi. Tatu, betri za gari zisifunguliwe, kwani zina asidi na risasi, na risasi ni sumu hasa kwa watoto. Nne, kila kifaa kiwe na mahali pake na kiandikwe kinapotoka.

Mlezi wa kona awe fundi wa usharika mwenye subira, mwanamume au mwanamke. Zamu za wasichana ziwekwe wazi kwenye ratiba, maana zisipoandikwa hazitakuwepo.

Aidha tukumbuke milango iliyopo serikalini. SIDO ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunza mtaani au nyumbani na kumpa cheti akistahili. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 na ambayo Dodoma imekuwa mwenyeji wake, yamekuwa yakipokea pia wabunifu wasiotoka vyuoni. Viwanja vya Nanenane Nzuguni haviko mbali. Kijana mwenye pampu ya mezani inayotoa maji ana kitu cha kuonyesha.

7. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati za usharika tunasema hivi. Kabla ya kupitisha mtambo wowote, ulizeni: nani kati yetu ameutengeneza mdogo wake ukafanya kazi? Kama hayupo, tafuteni wiki tatu na fedha kidogo za vifaa, mumpe mtu nafasi ya kujaribu. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, hata kama jaribio limeshindwa. Jaribio lililoshindwa mezani limeiokoa kamati na kushindwa kisimani.

Liko na jambo la haki. Mara nyingi fundi wa usharika huombwa "kujitolea" katika hatua ya majaribio, na fedha zinapofika kazi hupewa mkandarasi wa mjini. Fundi anaumia, na anayo haki ya kuumia. Baadaye pampu inapoharibika tunashangaa kwa nini haji. Anayefanya jaribio alipwe kwa jaribio, na katika mkataba wa mtambo mkubwa liwemo sharti kwamba atashiriki kuufunga, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Kifungu cha majaribio katika bajeti huonekana kidogo na kisicho na picha nzuri. Hakina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Hata hivyo ndicho kifungu kinachowaonyesha kama wazo lina miguu kabla hamjalilipia nyumba. Msikione kama upotevu wa fedha. Na mkisoma taarifa isemayo kwamba jaribio la kwanza halikufaa na la pili limefaa, jueni kwamba mnasoma taarifa ya watu wanaopima.

Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anatajwa kwa jina kwa sababu ya ujuzi wa mikono yake katika dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na ujuzi huo unahesabiwa kuwa karama. Basi anayetengeneza vitu nyuma ya nyumba asionekane kama mtu anayepoteza muda. Huenda yeye ndiye atakayetuletea maji mwezi wa Agosti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika usharika wenu, ni nani anayetengeneza vitu nyumbani kwa kupenda tu? Je, kamati imewahi kumtembelea na kuona kazi zake?

2. Taja mtambo mmoja wa jamii uliosimama katika eneo lenu. Ni kifaa gani kilichoharibika, na je, kingeweza kutengenezwa hapo hapo?

3. Kwa nini modeli ya pampu ya meta 1 haitoshi kutuambia unene wa mpini wa pampu ya meta 10?

4. Katika mradi mnaoupanga sasa, ni sehemu gani inayoweza kujaribiwa ikiwa ndogo kabla ya kuomba fedha? Nani ataijaribu, kwa siku ngapi, na atalipwa nini?

5. Ni wasichana wangapi wa usharika wenu wamewahi kushika tupa au keekee? Mtafanya nini ili waongezeke kabla ya toleo lijalo?